Habari ilitoka Jumatatu, semina ikawa Alhamisi

Habari kuhusu utafiti wangu iliwekwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya idara Jumatatu asubuhi. Ilikuwa na picha yangu nikiwa mbele ya kompyuta, na kichwa kilichosema kwamba mwanafunzi wa uzamili amepunguza makosa ya mfumo wa kutambua usemi kwa zaidi ya asilimia 40. Kabla sijafika maabara, mama alikuwa ameshawatumia ndugu wote kiungo. Alhamisi ya wiki hiyohiyo, saa tisa alasiri, nilisimama mbele ya watu kama ishirini kwenye semina ya idara. Kufikia saa tano usiku nilijua kwamba namba ile haikuwa ya kweli.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayeanza utafiti kwenye idara ya sayansi ya kompyuta, hasa anayefanya kazi ya ujifunzaji wa mashine, yaani kuifundisha kompyuta kwa mifano. Sikumdanganya mtu. Nilifuata hatua nilizowaona wengine wakizifuata, na bado nilikosea kwa namna ambayo ingeweza kukaa ndani ya makala iliyochapishwa kwa miaka bila yeyote kuitambua.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuboresha modeli inayosikiliza sauti ya mtu na kuandika anachosema. Idara ilikuwa na hazina ya rekodi zilizokusanywa na wanafunzi waliotutangulia: saa 41 za usemi, wasemaji 212, kila mmoja akisoma sentensi alizopewa kutoka orodha moja. Aliyenitangulia aliacha modeli yenye kiwango cha makosa ya maneno cha asilimia 14.2, na hiyo ndiyo niliyotakiwa kuipita. Kiwango hicho hupatikana kwa kuhesabu maneno ambayo mashine imeyabadilisha, iliyoyaacha na iliyoyaongeza, kisha jumla yake inagawanywa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli. Kumbuka maelezo hayo, yatarudi.

Miezi minne ya mwanzo niliimaliza kwenye foleni. Tulikuwa watu kumi na wanne tukigombea kadi nane za GPU, vichakataji vyenye nguvu vya kufundishia modeli, na kila kazi ilipewa muda wake kwenye ratiba ya seva. Kazi yangu moja ilikatwa ikiwa saa ya 46 kwa sababu muda niliouomba ulikuwa umeisha, na sikuwa nimeiagiza modeli ijihifadhi njiani. Siku mbili za kompyuta zikapotea, pamoja na wiki nzima ya kusubiri zamu nyingine. Tangu hapo sianzishi kazi kubwa bila mambo mawili: kuipitisha kwanza kwenye kipande kidogo cha data, dakika kumi tu, nione kama inafika mwisho bila kuanguka, na kuhakikisha modeli inajihifadhi kila baada ya muda fulani, ili ikikatwa iendelee ilipoishia. Ni mambo madogo. Hakuna aliyeniambia, na sikujua kwamba yalikuwa ya kuuliza.

Mwezi wa saba nikapata asilimia 8.3, yaani makosa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 40 kutoka ile 14.2. Niliiangalia ile namba kwa muda mrefu. Nikaendesha jaribio tena, ikatoka 8.6. Nikaandika 8.3.

Msimamizi wangu alifurahi, nami nikafurahi kumwona amefurahi. Tukaandika makala kwa wiki tatu na kuituma kwenye kongamano. Afisa habari wa idara aliposikia, akaniomba aya mbili na picha. Nilimpa aya mbili. Yeye akaona "asilimia 8.3 ya makosa" itawachanganya wasomaji, akageuza kuwa "usahihi wa karibu asilimia 92". Sikupinga, maana ilionekana ni hesabu ya kutoa tu. Lakini maneno yanayoongezwa na mashine nayo huhesabiwa kuwa makosa, kwa hiyo kiwango hicho kinaweza hata kupita asilimia 100, na ukikitoa kwenye mia hupati usahihi. Mtu yeyote wa fani ya usemi angeiona kasoro hiyo kwenye mstari wa kwanza. Nilipaswa kuomba kuisoma habari kabla haijatoka. Afisa habari hana kosa. Kazi yake ni kuandika kwa lugha ya watu, na ni ya mtafiti kumwambia wapi lugha ya watu inaharibu maana.

Semina za idara yetu hukaliwa na watu wa kila aina: wa kanzidata, wa mitandao, wa nadharia, wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotafuta mada ya mradi. Niliiona kama jambo la heshima tu, la kuonyesha slaidi na kupigiwa makofi. Niliongea dakika arobaini. Maswali mawili ya mwanzo yalikuwa mepesi. Kisha kijana wa mwaka wa pili aliyekaa safu ya nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani dada, wale wasemaji mliowapimia modeli, wapo pia kwenye rekodi mlizoifundishia?"

Nikamjibu haraka kwamba data iligawanywa kwa nasibu: asilimia 80 za kufundishia, 10 za kurekebishia, 10 za kupimia. Akasema sawa, ahsante, akakaa. Nilikuwa nashuka ngazi nilipotambua kwamba sikuwa nimemjibu. Nasibu ndiyo hasa iliyowatawanya wasemaji pande zote mbili. Nilikuwa nimechanganya rekodi moja moja, kama mtu anayechanganya karata, bila kujali kila rekodi ni ya nani.

Usiku ule nilitoa namba za wasemaji kutoka kila upande, nikazipanga, nikalinganisha orodha mbili. Ilichukua dakika tano. Wasemaji 209 kati ya 212 walikuwa pande zote mbili.

Mtu aliyesoma shuleni anajua mtihani uliovuja ni nini. Mwanafunzi aliyeuona mtihani usiku wa kuamkia siku yake anaweza kupata 92, na ile 92 haikuambii chochote kuhusu anachokijua. Modeli yangu ilikuwa imeshazisikia sauti zote: mkwaruzo wa koo la huyu, maikrofoni ya yule, mlio wa feni kwenye chumba alichorekodiwa mwingine. Nikaipima kwa sauti zilezile na kushangilia. Kwenye fani yetu jambo hili lina jina hilohilo, kuvuja kwa data, na nilikuwa nimelisoma kwenye kozi, nikalijibia swali na kupata alama zote. Kulijua kwenye karatasi ya mtihani hakukunisaidia kuliona likiwa ndani ya msimbo wangu mwenyewe, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta, kwenye mstari mmoja ambao sikuurudia hata mara moja tangu mwezi wa kwanza.

Niligawanya data upya kwa wasemaji, nikaanzisha mafunzo, nikalala kwenye kiti. Asubuhi ya Jumamosi makosa yalikuwa asilimia 17.9.

Kwenda kumwambia msimamizi ndilo jambo gumu kuliko yote niliyoyafanya chuoni. Nilifikiria kusubiri hadi makala ijibiwe. Nilifikiria kwamba pengine ingekataliwa na jambo likaisha lenyewe. Natamka hivi wazi kwa sababu najua wapo wanaosoma wakiwa na wazo hilohilo vichwani, na najua linavyoonekana la busara saa nane za usiku. Jumatatu nikagonga mlango.

"Profesa, namba iliyo kwenye habari si sahihi. Na ya kwenye makala pia."

Akaniuliza kwanza kama nimelala. Kisha akasema, "Nionyeshe." Tukapitia mstari kwa mstari kwa saa mbili. Mwisho akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: "Na sentensi je?"

Kwa kuwa wote walisoma kutoka orodha moja, sentensi ileile ilisomwa na watu wengi. Hata baada ya kuwatenganisha wasemaji, modeli ilikuwa ikipimwa kwa sentensi ilizokwisha kuzikariri kutoka vinywa vya wengine. Mtihani ulikuwa umevuja mara mbili. Tukajaribu kutenganisha yote mawili kwa pamoja, wasemaji na sentensi, na hapo hesabu ikatubana: ukichukua sehemu ya kumi ya wasemaji na sehemu ya kumi ya sentensi kwa ajili ya kupimia, kinachobaki ni sehemu moja ya mia ya rekodi. Kwetu hiyo ilikuwa kama dakika 25 za usemi. Huwezi kusimamisha hitimisho juu ya dakika 25. Na karibu theluthi ya rekodi zote ilibidi iachwe nje kwa sababu ilichanganya msemaji wa upande huu na sentensi ya upande ule.

Ukiwa unaanza kukusanya data yako leo, fikiria kipimo kabla hujawasha maikrofoni. Watu wa kupimia wawe wengine, maneno ya kupimia yawe mengine, na yawekwe kwenye folda ambayo huifungui hadi mwisho. Kama data yako si ya sauti, swali ni lilelile kwa sura nyingine: picha mbili za mgonjwa mmoja, ujumbe mbalimbali wa mwandishi mmoja, vipimo vya mashine moja siku mbili mfululizo. Jiulize ni kitu gani kinachojirudia, kisha gawanya kwa hicho. Pale ambapo muda una maana, fundisha kwa ya jana na upime kwa ya kesho.

Wiki ile ile Profesa alinipa tathmini ya Sayash Kapoor na Arvind Narayanan, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, iliyochapishwa 2023. Walikuta kuvuja kwa data kumeripotiwa katika nyanja 17 za sayansi zinazotumia ujifunzaji wa mashine, na kuathiri makala 294. Sikuisoma kwa kujifariji. Kilichonigusa ni namna baadhi ya aina walizozieleza zilivyofanana na mstari wangu mmoja wa msimbo.

Kisha yakaja ya kusafisha. Tuliwaandikia wenyeviti wa kongamano kuiondoa makala, tukieleza sababu kwa sentensi nne. Jibu lilikuja siku iliyofuata, fupi na la heshima. Waliiondoa na kutushukuru. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kibaya zaidi. Ugumu ulikuwa kwenye habari. Afisa habari alipendekeza ifutwe kimyakimya. Msimamizi wangu akakataa. Alisema waliosoma namba wana haki ya kusoma kwamba imekosewa. Basi ikabaki palepale, na juu yake ikawekwa tarehe na aya niliyoiandika mimi: namba iliyotangazwa, kwa nini haisimami, na kwamba kasoro iligunduliwa kutokana na swali la semina. Nilimwomba yule kijana ruhusa ya kumtaja. Akaomba asitajwe jina, nikaheshimu.

Mama nilimpigia simu. Akaniuliza kama nitafukuzwa. Nikamwambia hapana. Akakaa kimya, kisha akasema basi na hilo la pili atawatumia ndugu.

Kwa wiki mbili nilipita mlango wa nyuma wa jengo ili nisikutane na watu. Sasa naona hapakuwa na haja. Wahadhiri wawili walinisimamisha kwenye korido, kila mmoja kwa wakati wake, wakanisimulia makosa yao wenyewe ambayo hawajawahi kuyaandika popote. Natamani yangeandikwa.

Gharama halisi ilikuwa muda. Tuliamua kurekodi seti mpya ya kupimia: wasemaji 30 ambao hawakuwahi kurekodiwa, sentensi mpya kabisa. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilichukua miezi mitatu, na karibu nusu yake ilikuwa kusubiri kibali cha kamati ya maadili. Fomu yangu ya ridhaa ilirudishwa kwa sababu haikusema rekodi zitahifadhiwa kwa muda gani na msemaji atafanyaje akitaka zake zifutwe. Kamati ilikuwa na haki. Sauti ya mtu inaweza kumtambulisha, na mtu anayekupa sauti yake anastahili kujua inakokwenda. Ombeni kibali siku ya kwanza, kabla ya kuandika hata mstari wa msimbo. Muhula wangu ukaongezeka mmoja, na ada yake niliilipa kwa kusahihisha mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Safari hii niliendesha kila jaribio mara tano, kila mara kwa mbegu nyingine ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta), nikaandika wastani pamoja na upana wake. Modeli yangu: asilimia 26.4, ikicheza kati ya 25.7 na 27.3. Ile ya aliyenitangulia nayo ilibidi ipimwe upya, maana 14.2 yake ilitoka kwenye mgawanyo uleule uliovuja, ikapata 29.7. Kwa hiyo yale "zaidi ya asilimia 40" yalibaki kama asilimia 11. Ni kidogo. Lakini nikiamshwa usingizini nikaulizwa kama ni kweli, naweza kujibu ndiyo.

Kutuma makala mara ya pili kulikuwa na kisa chake cha saa. Makongamano mengi ya fani yetu hufunga milango saa 5:59 usiku "popote duniani", maana yake ni kwa saa za UTC-12, hadi siku iishe mahali pa mwisho kabisa. Nilizitegemea saa zile za ziada kana kwamba ni zawadi, mfumo wa kupokelea ukalemewa, na makala ikaingia bila kiambatisho. Jiwekeeni mwisho wenu siku mbili kabla.

Ikakataliwa. Wahakiki, yaani watafiti wanaoisoma makala kabla ya kukubaliwa, walikuwa watatu: mmoja aliipenda, mmoja alisema ongezeko ni dogo na hatujaeleza linatoka wapi, mmoja alikosoa jambo ambalo halikuwemo kwenye makala. Nililia, na nilikuwa na hasira na wa pili kuliko wa tatu. Profesa ana utaratibu wake ambao sasa ni wangu: soma maoni mara moja, funga, usiyafungue hadi siku ya tatu. Siku ya tatu niliona kwamba yule wa pili ndiye aliyeisoma kazi yangu kwa makini kuliko wote.

Inafaa mjue pia kwamba uhakiki wenyewe una bahati ndani yake. Mwaka 2014 waandalizi wa NeurIPS, kongamano kubwa la ujifunzaji wa mashine ambalo wakati huo liliitwa NIPS, walizipeleka makala 166 kwa kamati mbili zilizofanya kazi kila moja peke yake, na kamati hizo zikatofautiana juu ya makala 43. Waliporudia jaribio hilo 2021 kwa makala nyingi zaidi, hali ilikuwa karibu ileile. Kukataliwa mara moja, basi, hakutoshi kukuambia kazi ni mbovu, na kukubaliwa hakutoshi kukuambia ni nzuri. Nilikuwa na ushahidi wangu mwenyewe wa hilo la pili: ile makala ya 8.3 huenda ingepita.

Nilimjibu mhakiki wa pili kwa kazi. Nilikaa wiki tatu nikisikiliza makosa ya modeli moja baada ya jingine, jambo ambalo kwa mwaka mzima sikuwahi kulifanya. Nilikuwa nimeangalia namba tu. Ikaonekana karibu faida yote ilitoka kwa wasemaji wanaoongea haraka, pale maneno yanapogusana. Kwa wanaoongea taratibu modeli mbili zilikuwa sawa. Hilo likawa kiini cha makala, likabadilisha hata kichwa chake, na kongamano dogo zaidi likaikubali.

Siku ya kuonyesha bango la kazi yetu kongamanoni nilisimama kwa muda wa saa mbili na nusu. Watu wengi walipita. Waliosimama waliuliza kwanza jinsi tulivyogawanya data, na kila mara nilianza na ile hadithi ya 8.3, kwa sababu bila hiyo hawangeelewa kwa nini tulirekodi watu wapya.

Msimbo na orodha za mgawanyo tumeziweka wazi. Rekodi hutolewa kwa anayesaini masharti ya ridhaa. Mwezi uliopita mtafiti nisiyemfahamu aliniandikia kwamba ameendesha kila kitu kama tulivyoeleza na amepata 28.1, si 26.4. Moyo ulinienda mbio kama usiku ule. Tulibadilishana barua kwa siku tatu. Ilikuwa hatua moja ya kusawazisha sauti ambayo kwenye kompyuta yangu iliwekwa zamani na sikuiandika kwenye maelekezo. Nimeiongeza, nikaweka tarehe, na hapo juu kabisa nikaandika kilichokuwa kimekosekana. Jana usiku amenijibu: 26.6.